Daftari la Zamu

Mtungi wa gesi wa Nemesia ulikwenda Jumatatu.
Alhamisi, baiskeli ya mtoto wa Fortunato,
ile isiyo na breki.
Jumapili, kuku wote wa Eleuteria;
waliacha manyoya, na mlango umerudishiwa taratibu
kama alivyofanya mgeni mwenye adabu.

Tukakutana uwanjani, nyumba thelathini na moja,
juu huku El Alto ambako pumzi yenyewe ni ya kukopa
na baridi huingia bila kuvunja kufuli.
Mmoja akataka mbwa. Mwingine akauliza, atakula nini?
Mmoja akataka polisi, tukacheka mpaka tukakohoa.
Tukaafikiana: filimbi kila nyumba, taa kila kona,
daftari la kuandika yaliyoonekana usiku,
na mdoli.

Mdoli nilipewa mimi, kwa kuwa nina cherehani.
Awe na kimo cha mtu, wakasema,
anyongwe kwenye nguzo ya umeme barabara inapoingia,
na bango kifuani: MWIZI, HUYU ALIKUTANGULIA.
Nikatafuta nguo. Hapa nani ana nguo za kutupa?
Zilizokuwapo ni za mwanangu Wilder,
aliyekwenda São Paulo kushona jinzi za watu,
na hutuma salamu kila pesa zinapokosekana.
Suruali ya chuo cha ufundi. Sweta lenye kiraka kiwikoni.
Viatu pia, maana Fortunato alisisitiza:
mtu asiye na viatu hamtishi mtu.
Nikamjaza majani makavu na magazeti,
nikamshona shingo kwa uzi maradufu.

Wakampandisha. Wakapiga makofi.
Usiku upepo ukashuka mlimani ukamzungusha,
kiwiko chenye kiraka kikaja upande wangu,
kikaondoka,
kikaja.
Za mwizi arobaini, husema watu.
Nilihesabu mizunguko, nikapita arobaini, nikapita mia.

Siku ya tatu nikabeba ngazi mwenyewe kabla ya jua,
nikakata kamba kwa kisu cha viazi.
Nikamketisha juu ya tofali chini ya taa,
mgongo nguzoni, kofia ya sufu hadi machoni,
filimbi shingoni palipokuwa na kitanzi.
Bango liliwasha jiko vizuri.
Kulipopambazuka, mkutano wa dharura, vidole usoni mwangu:
"Umemgeuza mwizi kuwa mlinzi!"
Nikawajibu, anayening'inia haoni kitu.
Eleuteria ndiye aliyecheka kwanza.
Akaenda kumletea blanketi la magotini.

Tangu hapo wapitao humwamkia, na wakishamwamkia yeye
huona aibu kutoniamkia mimi.
Baada ya miaka kumi na mmoja nimelijua jina
la jirani wa geti la kijani: Primitiva,
mwenye kikohozi ambacho hakuna mwizi awezaye kukiiga.

Jana ilikuwa zamu yangu.
Saa tisa na ushei kijana akatokea upande wa reli,
mifuko ya plastiki imefungwa miguuni.
Alisimama mbele ya mdoli muda mrefu.
Akasema neno; nadhani aliomba radhi.
Akapiga magoti akamvua kiatu cha kushoto, kisha cha kulia.
Vidole vilimkatalia, fundo akalifungua kwa meno.
Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu, baridi kama msumari.
Sikupuliza.
Akavivaa. Akapiga hatua mbili,
akarudi kulipandisha blanketi lililoteleza.

Asubuhi nikafungua daftari.
Penye safu ya vilivyoibwa, kalamu ilisita.
Nikaandika: Upepo. Mbwa wawili. Hakuna kilichopotea.
Kisha nikachukua soksi nene
nikaenda kumvisha mwanangu.